Malori Yaliyofutwa

Ofisi ya kodi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, na dawati la Mkaguzi lilikuwa karibu na dirisha lililogoma kufunguka. Kila asubuhi aliipangusa skrini ya kompyuta kwa kitambaa alichokilamba ncha kidogo, akamimina chai kutoka kwenye chupa, akavuta kiti, akaanza kuwachungulia wenye malori. Ndiyo iliyokuwa kazi yake, kuchungulia. Mtaani kwake walikuwapo wanawake waliochungulia watu vizuri kumshinda, lakini wao walifanya bure.

Wenye malori walikuwa na midomo miwili. Kwa mdomo mmoja waliililia ofisi ya kodi: mafuta yamepanda, barabara zimeoza, malori yenyewe matatu tu, na la tatu linakohoa. Kwa mdomo wa pili walijisifu kwenye mtandao wapate wateja: sisi wakubwa, sisi wengi, mzigo wako hata uwe mlima tutaubeba. Mkaguzi hakuwa na uganga mwingine zaidi ya kuisikiliza midomo yote miwili kwa siku moja. Alisoma tovuti zao. Alisoma matangazo yao ya kutafuta madereva, maana mtu mwenye malori matatu hatafuti madereva ishirini. Alisoma wateja walivyowashukuru na walivyowatukana. Aliziangalia yadi zao kwenye zile picha zinazopigwa kutoka angani, akapitisha kidole juu ya trela moja moja kama anayekagua vifaranga kabla ya kuwafungia.

Sheria ya kazi hiyo ilikuwa moja: ukiona, chapa hapo hapo, kwa kuwa kilichopo mtandaoni asubuhi, mchana kinaweza kuwa kimeondoka. Shida ni kwamba printa ya ofisi haikuwa na wino. Wino uliombwa, ombi likapokelewa, likasifiwa kwa kuandikwa vizuri, likafungiwa kabatini. Basi Mkaguzi akawa anazituma kurasa nyumbani kwa mumewe, ambaye alikuwa na printa nzima yenye wino wa rangi zote.

Mumewe alikuwa fundi wa tovuti. Alizitengeneza, alizipaka rangi, alizifagia zilipochafuka. Ofisi yake ilikuwa pembe ya sebule, meza moja na kompyuta mbili, nyuma ya kochi la mama yake mzazi. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na wapo waliomletea pasi mbovu, akawarudisha kwa heshima.

Kwa miaka mingi Fundi alikula chakula cha jioni kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake hospitali. Mkewe akisema, yeye aliitikia "mm" na kuangalia ukuta. Kisha, bila ugomvi wala ushauri wa mtu, akabadilika. Jioni moja Mkaguzi alitaja kampuni mpya aliyokabidhiwa, yenye malori ya bluu, na Fundi akaacha kutafuna.

"Halafu?" akauliza.

Mkaguzi alimtazama mara mbili, kisha akamtazama Mama Mkwe kuona kama na yeye amesikia. Mama Mkwe alikuwa anapambana na mfupa.

"Halafu wametuletea hesabu za malori matatu," akasema Mkaguzi. "Matatu! Na kwenye tovuti yao wameyapanga kwa picha, yanaanzia hapa yanaishia kule, na madereva mbele wamenyanyua madole gumba, wamevaa fulana mpya hata mikunjo haijatoka."

"Wewe mwanamke una macho," akasema Fundi. "Uliona ukurasa gani hasa?"

Mkaguzi akamweleza ukurasa gani hasa. Akamweleza na picha ipi, juu au chini, kubwa au ndogo. Alisema mpaka chakula kikapoa, na Fundi hakuondoa jicho usoni pake. Akamtumia picha zote azichape.

"Nitakuchapia," akasema Fundi. "Nisipokuchapia wewe nimchapie nani?"

Usiku huo Mkaguzi alilala ubavu wa kulia, ubavu aliokuwa akilalia walipokuwa wachumba.

Asubuhi Mama Mkwe alitoka uani na beseni la nguo, akakuta lori la bluu limeegeshwa chini ya kamba ya kuanikia. Ua wenyewe ulikuwa mdogo, na kigeti chake kilikuwa cha kupitisha mtu mmoja na ndoo yake. Mama Mkwe alilizunguka lori mpaka akamaliza.

"Mkwe!" akaita. "Njoo umwambie mwenye gari asogee kidogo, shuka linagusa matope."

Mkaguzi akatoka na mswaki mdomoni. Alilijua lile lori. Lilikuwa la pili kutoka kushoto kwenye picha, lenye mchubuko mlangoni. Akaligusa tairi, likawa tairi. Akaenda kusukutua, akarudi na msumari na nyundo, akaihamisha kamba ya nguo upande wa pili. Fundi asubuhi hiyo alitokea mlango wa mbele. Alisema amechelewa, ingawa kazi yake ilikuwa sebuleni.

Kazini, Mkaguzi alipoifungua tovuti ya kampuni, ile picha ndefu ilikuwa imeondoka. Mahali pake palikuwa na picha ya jua linalochomoza. Hakushangaa sana. Alijiambia picha zake ziko salama nyumbani, kwa mtu wake, na akaendelea kutafuta. Akapata tangazo la kazi: wanatakiwa madereva wenye uzoefu, wengi, haraka. Jioni akamsimulia Fundi.

"Halafu?" akasema Fundi, akisogeza kiti.

Kesho yake tangazo halikuwapo, na uani mlikuwa na malori mengine manne. Ua haukuwa umepanuka. Malori ndiyo yaliyojibana, bega kwa bega, kama watu kwenye benchi la zahanati. Siku iliyofuata Mkaguzi alipata maneno ya wateja, mmoja akishukuru kwamba aliletewa malori manane kwa mpigo. Akamsimulia Fundi. Maneno yakaondoka, malori manane yakaja. Zile picha ndogo ndogo za pembeni mwa ukurasa nazo zilipoondoka, yakaja malori yenye ukubwa wa kiatu, kamili, na turubai zake zimefungwa kamba. Yalipenda kukaa chini ya meza ya jikoni penye ubaridi. Mama Mkwe aliyafagia taratibu asiyavunje.

Hata picha ya kutoka angani haikubaki. Pale ilipokuwa yadi palikaa wingu jeupe, nene, lisilosogea, na majirani wa yadi pande zote walikuwa juani.

Mkaguzi hakuuliza kwa nini malori yanakuja kwake. Alidhani anajua. Miaka yote amewatafuta wenye malori kwa bidii, hakuna aliyemshukuru, na sasa malori yenyewe yaliyokataliwa yamesikia kwamba yupo mtu anayeyatafuta, yakaja yenyewe. Jambo hilo lilimpendeza. Alianza kwenda kazini na kiatu chake kizuri.

"Printa vipi?" alimuuliza Fundi, maana kikao na kampuni kilikuwa kimekaribia.

"Imekwama kidogo. Roli ya kuvutia karatasi inateleza. Usiwe na wasiwasi, mke wangu."

Hakuwa na wasiwasi.

Madereva alikuja kuwaona baadaye, maana walikuwa wamelala kwenye vitanda vya nyuma ya kiti, wamechoka. Walishuka mmoja mmoja kunawa uso bombani, wote wamevaa fulana zenye mikunjo, na kila mmoja dole gumba la mkono wa kulia limesimama. Halikushuka. Waliokota sabuni kwa mkono wa kushoto. Mama Mkwe alipita katikati yao na beseni lake bila kusalimia, na hiyo haikuwa tabia yake. Mtu wa kumsalimia hata kuku.

Mkaguzi akawatengenezea chai. Aliyeipokea alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidogo, ambaye wenzake walimwita Dole, ingawa madole yao wote yalikuwa juu.

"Asante, dada," akasema Dole. "Huyo bibi usimlaumu, yeye hatuoni sisi. Anayetuona ni yule aliyetutafuta. Wewe ulitutafuta, hata kama ni kwa ajili ya kodi."

"Na nyumbani kwenu?"

"Nilikwenda. Mke wangu alikuwa mlangoni anachambua mchele. Nikasema hodi, nikasema mama watoto, nimerudi. Akainuka, akanipita, akaenda kumfokea mbuzi." Akapuliza chai. "Hana kosa. Hajanitafuta. Dereva haulizwi yuko wapi, yuko safari."

"Mtarudi," akasema Mkaguzi. "Siku ya kikao nikionyesha kwamba mpo, mtaandikwa. Mkiandikwa kwamba mpo, nani tena atawapita?"

Madereva walitazamana. Mmoja alianza kulia na dole lake liko juu, ikawa si rahisi kujua la kumwambia.

"Ila nashukuru mlivyonifuata," akasema Mkaguzi, na sauti yake ilikuwa na maringo kidogo. "Mlijuaje kwangu?"

Dole akamtazama kama anayetafuta gia.

"Dada, wewe hatukukufuata. Usikasirike. Wewe tulikuona tu tukasema, afadhali hapa pana mtu wa chai. Sisi tumemfuata aliyetutoa. Mtu akikutoa mahali ulipokuwa umekaa, si unamwendea umuulize, haya, sasa nikae wapi?"

"Aliyewatoa nani?"

Dole alikuwa na kidole kimoja tu cha kuonyeshea, nacho kilielekea juu. Akaulaza mkono mzima, dole likaelekea dirisha la sebule. Ndani, Fundi alikuwa ameinamia kompyuta zake mbili, mgongo umepinda, anafanya kazi kwa moyo.

"Huyo bwana," akasema Dole. "Kila akibonyeza, sisi tunajikuta hapa."

Mkaguzi akakusanya vikombe. Akavihesabu, akavihesabu tena, akaviosha, vikiwamo viwili ambavyo vilikuwa safi.

Kesho yake kazini hakuifungua kampuni yoyote. Alifanya jambo ambalo alikuwa akilifanya kwa kila mtu mwenye magurudumu zaidi ya sita, na hakuwahi kulifanya kwa mtu wa nyumbani mwake. Aliandika jina la mumewe, akabonyeza tafuta.

Fundi alikuwa na tovuti yake mwenyewe, nzuri, ya kijani. Alikuwa na ukurasa wa kazi zake. Kampuni ya malori ya bluu ilikuwa mteja wa kwanza kutajwa, na chini yake Mkurugenzi wa kampuni alikuwa ameandika: Kijana mwaminifu, anasafisha upesi, hata siku hiyo hiyo. Kulikuwa na ukurasa unaomweleza Fundi mwenyewe, na picha yake amemkumbatia mkewe siku moja walipokwenda kupunga upepo, gauni lake la maua likipepea, mke anacheka meno yote nje. Chini ya picha pameandikwa: Mtu wa familia. Mkaguzi alikuwa hajaiona picha hiyo kwa miaka. Akaitazama mpaka chai ikaota ngozi.

Jioni hiyo alimkuta Fundi mezani kwake. Hakuvua kiatu.

"Umewafuta," akasema.

"Nimesafisha," akasema Fundi. "Tovuti huchafuka."

"Nilikutumia picha unichapie."

"Nilizipokea."

"Ukasema printa imekwama."

Wote wawili wakaitazama printa. Ilikuwa imewaka taa ya kijani, nzima kama bibi harusi.

"Jioni zote hizo," akasema Mkaguzi. "Halafu, halafu. Unanivutia kiti. Unaacha chakula kinapoa."

"Sasa ningejuaje umefika wapi?" Fundi hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayemwelekeza mtu namna ya kutumia rimoti. "Kazi ile isingefanyika hivi hivi, mwenzangu. Ningefuta nini bila kujua umeona nini?"

"Mimi nilidhani..." akasema Mkaguzi, na alichodhani akakiacha njiani. Kilikuwa kitu cha aibu kukisema mbele ya mama wa mtu.

Mama Mkwe hakugeuka. Alikuwa anaangalia taarifa ya habari.

"Mkwe wangu," akasema, "friji jipya limeletwa lini?"

"Mwezi uliopita, mama."

"Maji baridi umeyanywa, hukuyanywa?"

"Nimeyanywa."

"Haya basi. Sogea, unaniziba."

Mkaguzi akasogea.

Kikao kilifanyika ghorofa ya pili. Mkurugenzi wa kampuni alikuja peke yake, bila wakili, amevaa suti ya rangi ya chai na uso wa mtu aliyelala vizuri. Mkuu wa ofisi aliketi mwisho wa meza. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikuwa ya karatasi: kisichochapwa hakikaliwi kikao.

Mkaguzi alieleza yote kwa mpangilio. Picha ilikuwa hapa, tangazo lilikuwa hapa, wateja walisema hivi.

"Nakala ziko wapi?" akauliza Mkuu.

"Printa haina wino, Mkuu."

"Hilo linashughulikiwa. Tovuti inasemaje leo?"

Mkurugenzi akasukuma simu yake juu ya meza. Tovuti ilisema: Sisi ni kampuni ndogo ya kifamilia. Palikuwa na malori matatu na jua likichomoza.

"Basi twendeni nyumbani kwangu," akasema Mkaguzi. "Yaliyobaki yako uani."

Mkuu aliona hilo ni ombi la kawaida, akaitisha gari la ofisi. Walipofika, Mama Mkwe alikuwa ametandaza mashuka kwenye vioo vya pembeni vya malori, kila kioo na shuka lake. Mkuu akapita katikati, mikono nyuma, akiinama chini ya mashuka. Madereva walikuwa wamejipanga mstari, wameoga, wamechana nywele, madole juu. Mkuu alikanyaga mguu wa Dole, asisikie kitu, akaendelea. Dole alikunja uso, mstari usiharibike.

"Malori mazuri," akasema Mkuu.

"Sana," akasema Mkurugenzi. "Mapya haya. Ya nani?"

"Yako!" akasema Mkaguzi.

"Yangu matatu, mama. Yako yadini, yanakula mafuta."

Mkuu akachuchumaa mbele ya lori la kwanza kusoma namba. Namba ilikuwa na ukungu. Akaisugua kwa leso, ukungu ukabaki pale pale. Akaenda la pili, la tatu. Zote zilikuwa na ukungu, kama ulivyo ukungu ambao mafundi wa tovuti huzitia namba za magari kwenye picha, zisisomwe na kila mpita njia. Mkuu alisimama, magoti yakalia.

"Kuna malori," akasema. "Hilo siwezi kulikataa. Ila hayana kinachosema ni ya nani."

"Waulize madereva."

Mkuu akaangaza huku na huku kwa adabu. "Madereva wapi, binti?"

Mkaguzi aliwatazama. Walikuwa wamenyoosha migongo kama watoto siku ya kupigwa picha za shule.

Hapo Mkurugenzi akakohoa kidogo. Akasema yeye si mtu wa maneno mengi, na anaiheshimu sana ofisi ya kodi, lakini kuna jambo linamkera kama raia mwema. Akafungua ukurasa mwingine kwenye simu, wa kijani, akampa Mkuu. Ilikuwa ile picha ya gauni la maua.

"Huyu si mkaguzi wako? Na huyu ni fundi wa tovuti yangu. Mke na mume, wamekumbatiana. Sasa Mkuu, mke wa fundi wangu ananikagua vipi? Kesho watu watasema amenipendelea."

Mkuu aliitazama picha, akamtazama Mkaguzi, akairudia picha. Akasikitika kwa dhati.

"Hukunieleza," akasema.

"Sikujua, Mkuu. Nimejua juzi."

"Mume wako hukujua anafanya kazi gani?"

Mama Mkwe alikuwa anakusanya mashuka. "Anajua sana," akasema. "Printa anaitumia yeye."

Mkuu alinyoosha mkono, na Mkaguzi akampa faili. Aliichukua taratibu, kwa mikono miwili. Akasema kikao kimefungwa kwa sababu ya mgongano wa maslahi, kampuni itabaki na hesabu zake ilizoleta, na wino uletwe haraka ili mambo kama haya yasijirudie. Mkurugenzi alimpa kila mtu mkono. Alimpa na Mkaguzi, akambana vidole kidogo, akasema, "Msalimie Fundi. Kijana mzuri yule."

Walipoondoka, Dole aliwaambia wenzake warudi garini wakapumzike. Hakumlaumu Mkaguzi. Alisema tu, "Umejitahidi, dada," na Mkaguzi angeona afadhali atukanwe.

Siku mbili tatu zilipita Fundi na mkewe wakipeana chumvi bila kutazamana. Kisha Mkurugenzi akapiga simu. Mkaguzi alikuwa jikoni anakatakata vitunguu, na ukuta wa nyumba ile ulikuwa mwembamba.

"Ndiyo, bosi," alisema Fundi. "Hapana, bosi, haina ubaya. Kweli, mteja akiona mtu wa kodi kwenye ukurasa wa fundi atashtuka. Naelewa. Dakika moja tu."

Mkaguzi alisikia kiti kikivutwa. Alisikia kidole kikibonyeza.

Akajikuta uani, kati ya lori lenye mchubuko na jirani yake. Kisu hakikuwa mkononi. Alikuwa amevaa gauni la maua, na halikuwa likimbana kama siku zile alipoligawa. Aligusa uso wake. Alikuwa anacheka, meno yote nje, na alipojaribu kuufunga mdomo, haukufunga.

Kupitia dirisha la jikoni alimwona Mama Mkwe akiingia. Mama Mkwe aliona vitunguu vimeachwa nusu, akasema "Wanawake wa siku hizi," akashika kisu, akamalizia.

Asubuhi Mkaguzi alikwenda kazini, kwa kuwa ilikuwa siku ya kazi. Mlinzi hakumwambia asaini. Dawati lake lilikuwa limeshapewa kijana wa duka la magodoro kuwekea risiti kwa muda. Mkuu alipita karibu yake mara mbili na kikombe. Mkaguzi alimsubiri aulize, huyu mama yuko wapi leo, na hatimaye Mkuu akauliza kweli.

"Nadhani amechukua likizo," akajibu katibu. "Baada ya yale."

"Anastahili," akasema Mkuu, na hakuna aliyemtafuta.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Fundi alimwambia mama yake kwamba mkewe ameenda kwao kutuliza kichwa. Mama Mkwe akasema atarudi, friji liko huku. Mkaguzi alikuwa amesimama mlangoni wakati wanasema hayo, anacheka. Alingoja mumewe apige hata simu moja ya kumuulizia. Fundi alichukua simu, akaiangalia ina chaji kiasi gani, akaiweka chini.

Dole akampisha kitanda cha nyuma ya kiti, yeye akahamia kwa mwenzake. Walimweleza mambo ya kujua: bomba linatoa maji asubuhi tu, malori madogo yasisogezwe kwa mguu, na kuhusu uso au dole, usilazimishe, utaumwa misuli bure.

Mwisho wa mwezi ofisi ya kodi ilitoa vyeti kwa walipakodi wa mfano, na kampuni ya malori ya bluu ilipewa kimoja, chenye muhuri wa dhahabu na sahihi ya Mkuu. Mkurugenzi alikituma kwa Fundi kiwekwe kwenye tovuti, mahali pa kuonekana.

Mkaguzi alisimama nje ya dirisha la sebule, kifua kwenye ukingo, akamwangalia mumewe akifanya kazi. Fundi alikikuza cheti, akakipunguza. Alikiweka kushoto mwa jua, hakikukaa vizuri. Akakihamishia kulia. Akakirudisha. Katika mambo ya kulia na kushoto hakuwa na jicho, na kwa miaka yote alimwita mkewe aje aseme. Akageuza kichwa mlangoni, akafungua mdomo, akaona hapana mtu, akaufunga.

"Kushoto," akasema Mkaguzi.

Fundi akakiweka kulia, akabonyeza hifadhi, akaenda kula. Na mkewe akabaki pale dirishani akikitazama cheti kilivyopinda, anacheka meno yote nje, kwa kuwa siku waliyopiga ile picha alikuwa na furaha.